Maswali ya Wasomaji: Wote Ni Viongozi, Basi Nani Anaamua?

Barua kadhaa zilizotufikia hivi karibuni zinahusu vikundi vilivyochagua kuongozwa kwa pamoja na kuamua mambo kwa maafikiano badala ya kura, kisha vikajikuta vimekwama. Tumechagua tano, tumezifupisha, na tumeondoa majina ya wahusika na ya vikundi vyao.

Mjumbe mmoja anatukwamisha

SWALI: Ndugu Mshauri, sisi ni watu kumi na mmoja tunaoendesha maktaba ndogo kwa kujitolea. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba hatutakuwa na mwenyekiti na kwamba kila uamuzi utahitaji maafikiano ya wote. Sasa kuna pendekezo la kuiacha maktaba wazi hadi saa mbili usiku, ili wanaofanya kazi mchana nao wapate nafasi ya kusoma. Kumi kati yetu tunaliunga mkono. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye mtunza funguo, amelikataa katika vikao vitatu mfululizo, na kila akiulizwa sababu hujibu tu kwamba haitawezekana. Je, maafikiano maana yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kutufunga mikono sote?

JIBU: Hapana, ingawa kanuni yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, inampa mamlaka hayo hasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kila mtu kulipenda pendekezo na kutokuwapo mtu mwenye sababu nzito ya kulizuia. Jambo la kwanza ni nadra hata kati ya watu wawili wanaopendana. La pili ndilo linalotafutwa na taasisi zinazofanya kazi kwa maafikiano. Mkataba ulioanzisha Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini Marrakesh mwaka 1994, unahesabu kwamba maafikiano yamepatikana iwapo hakuna mwanachama aliyehudhuria kikao anayeupinga uamuzi rasmi. Haumtaki mtu yeyote atangaze kwamba amefurahi.

Tafsiri yenu imewahi kujaribiwa, tena katika ngazi ya dola. Katika bunge la Poland ya kale, lililoitwa Sejm, ilikubalika kwamba mjumbe mmoja akitamka kuwa haruhusu, kikao kizima kinaweza kuvunjika na hata yale yaliyokwisha kupitishwa humo yakabatilika. Mwaka 1652 pingamizi la mjumbe mmoja lilikikwamisha kikao kwa namna hiyo, na katika miongo iliyofuata desturi hiyo ililidhoofisha bunge kiasi kwamba mwenye nguvu aliyetaka kuzuia sheria, awe wa ndani au wa nje ya nchi, hakuhitaji kuwashawishi wengi. Mjumbe mmoja aliyenunuliwa alimtosha. Katiba ya tarehe 3 Mei 1791 ndiyo iliyoifuta.

Kwa hiyo nawashauri muiandike upya kanuni yenu, ili mjumbe anapoulizwa msimamo wake awe na majibu zaidi ya ndiyo na hapana. Anaweza kukubali, anaweza kukubali huku shaka yake ikiingizwa katika muhtasari wa kikao, anaweza kukaa kando, yaani asishiriki katika utekelezaji lakini asiwazuie wenzake, na anaweza kuzuia. Anayezuia ana wajibu ambao wengine hawana, kwa kuwa lazima aeleze ni madhara gani yatakayokipata kikundi au kazi yake, kisha ashiriki katika kutafuta namna ya kuyaepuka. Kutopenda tu hakuzuii. Mhandisi wa Uholanzi Gerard Endenburg, aliyeanza kuiendesha kampuni ya familia yake ya mambo ya umeme kwa utaratibu wa namna hii katika miaka ya 1970, aliujenga juu ya swali hilo hilo: je, kuna mwenye pingamizi zito ambalo anaweza kulitolea sababu? Wazo lenyewe lilikuwa limempitia utotoni, kwani alisoma katika shule iliyoanzishwa na Kees Boeke mjini Bilthoven mwaka 1926, ambako watoto na walimu waliamua mambo ya shule kwa pamoja.

Hata hivyo, kabla hamjaigusa kanuni, irudie barua yako. Umetaja, kama kwa kupitia tu, kwamba anayepinga ndiye mtunza funguo, na mimi naona kwamba maneno hayo machache yana uzito kuliko barua yote iliyobaki. Maktaba ikifungwa saa mbili usiku, ni nani atakayemsubiri msomaji wa mwisho aondoke, azime taa, afunge mlango, kisha aondoke peke yake gizani? Ninyi kumi mnaziunga mkono saa za ziada ambazo, kwa mpangilio wa sasa, zitabebwa na mtu mmoja, naye pengine anaona haya kusema mbele ya wote kwamba amechoka au anaogopa. Huenda sababu yake ni nyingine kabisa, lakini hamtaipata kwa kumwuliza kwa nini anakataa, maana swali hilo humfanya mtu ajitetee. Mwulizeni ni kitu gani kitakachobadilika katika wiki yake endapo pendekezo litapita, na ni jambo gani likirekebishwa litamwondolea pingamizi.

Mary Parker Follett, mwanafikra wa Marekani aliyeandika sana kuhusu uongozi na migogoro mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na mfano ambao kwa bahati nao ulitokea maktabani. Alikuwa katika chumba kidogo na msomaji mwingine. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka libaki limefungwa. Wakafungua dirisha la chumba cha jirani, ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake alikuwa anataka hewa tu, na Follett hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja, kwa hiyo kila mmoja alipata alichokihitaji chote, hakupewa nusu. Angalieni kwamba suluhisho hilo halikuwapo mezani mpaka kila mmoja alipotaja anachokihitaji, kwa maana wote wawili walikuwa wakibishana juu ya dirisha moja.

Kwa upande wenu, dirisha la pili huenda likawa seti mbili zaidi za funguo, zamu ya kufunga mlango ya watu wawili wawili, na jaribio la miezi mitatu lenye tarehe ya tathmini iliyoandikwa. Mtu mwenye shaka hulikubali kwa urahisi zaidi jambo ambalo anajua litarudi kikaoni siku fulani kuliko jambo linaloitwa la kudumu. Kama funguo zimegawanywa, zamu imepangwa, na bado mwenzenu anasema haitawezekana bila kutaja madhara yoyote, hapo ndipo kanuni mpya itakapowafaa, na mtaendelea na kazi huku kutokubali kwake kukiwa kumeandikwa.

Viongozi ambao hakuna aliyewachagua

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mjumbe mpya katika kwaya ambayo inajivunia kutokuwa na kiongozi. Nimeona kwamba kila jambo linalopita ni lile ambalo waimbaji wawili wa zamani wameshalizungumza wao kwa wao kabla ya kikao. Nikiuliza, naambiwa kwamba hao hawana cheo chochote na hakuna aliyewateua. Nifanye nini bila kuonekana mchochezi?

JIBU: Marahaba. Kwamba hakuna aliyewateua ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu mtu asiyeteuliwa hawezi kuondolewa, wala hana wa kumdai maelezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake nchini Marekani, aliandika kuhusu vikundi vya harakati hizo vilivyojigamba kwamba havikuwa na muundo. Alionyesha kwamba muundo ulikuwapo muda wote, ila haukutajwa: mtandao wa marafiki waliosikilizana wao kwa wao, huku wengine wakiletewa mambo yaliyokwisha kuiva. Nimekutana na wasomaji wengi wanaodhani kwamba uongozi wa pamoja ni uongozi uliopunguzwa, nami naona kinyume chake, kwa sababu unahitaji maandishi mengi kuliko uongozi wa mtu mmoja. Penye mwenyekiti, kila mtu anajua amwendee nani. Pasipo na mwenyekiti, ni lazima iandikwe nani anaandaa ajenda, nani anaendesha kikao, nani anaandika muhtasari, nani anatunza fedha, kila mmoja atashika kazi hiyo kwa muda gani, na ni uamuzi upi anaoweza kuufanya bila kuwauliza wengine. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na matokeo yake ni mweka hazina anayeomba ruhusa ya kununua kalamu, au yule anayeagiza vyombo vya muziki bila kumwambia mtu.

Si kila kazi inafaa kuzungushwa kwa kasi ileile. Kuendesha kikao kunaweza kubadilishwa kila kikao, na ni vizuri ibadilishwe, mradi anayeendesha akiwa na msimamo mkali katika jambo fulani amkabidhi mwingine kiti kwa ajenda hiyo. Hazina haifai kuzunguka hivyo. Mwaka mmoja ni muda wa busara, mrithi akae karibu na anayemaliza katika miezi yake ya mwisho, na fedha zisitoke bila idhini ya watu wawili. Katika kumchagua mtu wa kushika kazi, jaribuni utaratibu ambao Endenburg, niliyemtaja juu, aliutumia: kwanza mnakubaliana kazi inahitaji mtu wa namna gani, kisha kila mjumbe anaandika jina moja, anasimama na kutaja sababu zake, na baada ya kuwasikia wote anaruhusiwa kubadilisha jina. Utaratibu huo una faida ya kuwaibua watu wasiojipigia debe, na mara nyingi mtu hushangaa kusikia wenzake wamemwona.

Wewe kama mgeni usianze na lawama juu ya wale wawili, ambao pengine wamebeba kwaya mabegani wakati wengine walikuwa wakichelewa mazoezi. Omba ajenda itolewe siku tatu kabla ya kikao. Kisha pendekeza itengenezwe orodha ya vitu vidogo visivyozungumzwa: nywila ya akaunti iko kwa nani, namba za simu za wajumbe ziko kwa nani, nani anazungumza na wenye ukumbi, nani anajua yalipowekwa makaratasi ya nyimbo. Orodha hiyo ikisomwa kwa sauti na majina yaleyale mawili yakajirudia kutoka juu hadi chini, hutalazimika kuongeza neno.

Kikaoni kimya, nje maneno

SWALI: Katika kamati yetu anayeendesha kikao huuliza, "Tumekubaliana?" Watu hunyamaza, kikao hufungwa, kisha malalamiko huanza kwenye kundi letu la WhatsApp. Je, kimya si ridhaa?

JIBU: Kwa wajumbe wa serikali waliotumwa mkutanoni na maagizo ya kupinga pale inapobidi, kimya kinaweza kuhesabiwa kuwa ridhaa. Kwa majirani na marafiki wanaoogopa kuudhiana, hakiwezi. Mwaka 1974 Jerry Harvey, mtaalamu wa uongozi wa Marekani, alisimulia safari ya familia kwenda mji wa Abilene, katika jimbo la Texas, kwenye joto na vumbi, ambayo baada ya kurudi ilibainika kwamba hakuna hata mmoja aliyeitaka. Kila mtu alikubali akidhani wengine wanaitaka. Kamati yenu inasafiri hivyo kila mwezi.

Swali lenyewe ndilo linaloalika kimya. Anayeendesha kikao na aulize, "Nani bado ana shaka, na ni shaka gani?" kisha asubiri, hata kama kimya kitakuwa kirefu kupita anavyoweza kustahimili. Kabla ya hapo kila mjumbe apewe zamu ya kusema bila kukatizwa, wakianza wale wadogo au wapya. Busara hiyo ni ya kale: Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi, inaagiza kwamba katika mashauri ya adhabu ya kifo waamuzi wadogo watangulie kutoa rai, ili wasije wakawafuata wakubwa. Mwisho, uamuzi uandikwe palepale na usomwe kwa sauti kabla ya kuhamia ajenda nyingine, kama wafanyavyo Marafiki, yaani Wakristo wa madhehebu yanayojulikana pia kama Quaker, ambao tangu karne ya 17 vikao vyao huendeshwa bila kura. Karani wao husikiliza, huandika kile anachoona kikao kimekifikia, hukisoma, na kikao hukikubali au hukirekebisha. Mtu aliyenyamaza wakati wa mjadala hushtuka anaposikia sentensi ambayo kesho atadaiwa kuitekeleza.

Wawili wasiosalimiana

SWALI: Mhariri, wajumbe wetu wawili hawasalimiani. Hoja ya mmoja hupingwa na mwingine hata iwe nzuri vipi. Tuliuweka ugomvi wao kwenye ajenda ili tufikie maafikiano, na hali ikawa mbaya zaidi.

JIBU: Mliwapa hadhira. Mtu anayetazamwa na wenzake kumi na watano hawezi kukiri jambo dogo ambalo angelikiri mbele ya mmoja, na kila mjumbe aliyechangia siku ile alilazimika kuonekana yuko upande fulani. Ugomvi huo utoeni kwenye kikao na muukabidhi kwa mpatanishi mmoja ambaye wote wawili wanamkubali, hata kama hatoki ndani ya kikundi.

Mpatanishi aanze na sharti lililopendekezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers: hakuna anayeruhusiwa kujibu mpaka arudie kwa maneno yake alichosema mwenzake, na mwenzake athibitishe kwamba ndivyo alivyomaanisha. Mara ya kwanza zoezi hili hukera. "Unasema kwamba mimi ni mzembe." "Hapana, nimesema kwamba taarifa ilinifikia usiku wa kuamkia kikao, nikashindwa kuisoma." Katika hatua hiyo ndogo hasira hupungua, kwa sababu aliyekuja kujibu tusi anajikuta hana tusi la kujibu. Mpatanishi pia achunguze kama tatizo si la kikundi chenyewe, maana nimeona kwamba ugomvi mwingi unaoitwa wa tabia ni wa mipaka ya kazi, ambapo watu wawili wote wanaamini kwamba jambo moja ni lao kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kuwa ni la nani. Kinachorudi kikaoni ni kile tu kinachogusa kazi.

Kuna mambo ambayo hayapatanishwi kwa njia hii. Palipo na vitisho, unyanyasaji au wizi, kumtaka aliyeumizwa akutane katikati na aliyemwumiza ni kumwumiza mara ya pili. Hapo fuateni kanuni za nidhamu, na inapobidi sheria.

Tujadili mpaka lini?

SWALI: Tunaheshimu maafikiano, lakini vikao vyetu vinaisha usiku wa manane na watu wameanza kususia. Je, ni usaliti kupiga kura?

JIBU: Si usaliti, ila iandikwe mapema, wakati hakuna jambo linalowagawa, ni lini kura itaruhusiwa. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari, ulioanza mwaka 1973, ulijiwekea utaratibu kwamba kura isipigwe juu ya mambo ya msingi mpaka juhudi zote za kutafuta maafikiano ziishe. Wajumbe walijadiliana kwa miaka mingi kwa njia hiyo, na mkataba wenyewe hatimaye ukapigiwa kura tarehe 30 Aprili 1982: nchi 130 ziliukubali, 4 ziliupinga na 17 hazikupiga kura ya ndiyo wala hapana. Kura ilikuja mwishoni kabisa, baada ya sehemu kubwa ya maneno ya mkataba kuwa yamesukwa kwa makubaliano.

Kwa kikundi cha kawaida, vikao viwili vinatosha. Vikipita bila mwafaka, watu watatu, mmoja wao akiwa ni yule anayepinga, wakae kando na warudi na pendekezo lililorekebishwa; hilo nalo likishindikana, kura ipigwe na uamuzi upite kwa robo tatu ya waliohudhuria, akidi ikiwa imetimia. Msiiweke kura karibu sana na mwanzo wa mjadala wala msiishushe kuwa nusu na mmoja, kwa sababu walio wengi wakijua kwamba baada ya saa moja watashinda, hawatakuwa na haja ya kumsikiliza mtu.

Nadhani, lakini, kwamba tatizo lenu si mambo makubwa. Nitumieni ajenda ya kikao kimoja na nina hakika nusu yake itakuwa ni mambo ambayo hayakustahili watu wote. Rangi ya kadi za uanachama aichague anayezichapisha. Ratiba ya usafi aipange msimamizi wa usafi. Na bomba likipasuka usiku, aliye karibu amwite fundi, alipe kutoka katika kiasi kilichokwisha kuidhinishwa kwa dharura, na taarifa aisome katika kikao kinachofuata.